Tangi la lita 500, madumu sita na kamba: zoezi la kuopoa chombo cha angani, hapa hapa Pemba

Vijana wa huku Makangale wakishaona zile video za wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Marekani wanaruka kutoka kwenye helikopta kukifata chombo kilichorudi kutoka mwezini, swali lao la kwanza ni moja tu: ami, wale wanazama mita ngapi? Nawajibu hawazami. Wanabisha. Lakini ndo ukweli, chombo kinaelea na kazi karibu yote iko juu ya maji, mtu anaingia chini kidogo kupitisha mkanda au kuangalia tumbo la chombo basi, anatoka. Ugumu wake hauko kwenye kina, uko kwenye kukaribia. Una kitu cha tani tisa na kitu kinapanda na kushuka na mawimbi, kinakwenda na upepo, huenda kinavuja sumu, ndani mna watu wanataka kutapika, na wewe una mapezi mawili na kamba.

Ndo maana zoezi hili nalifanya bila mitungi wala kompresa. Mie kazi yangu kupeleka wageni kuzamia, na kila ikifika tanga mbili, baina ya kusi na kaskazi, wageni wanapungua, basi nawachukua vijana tunatia tangi la maji baharini tunaliopoa kama vile limetoka angani. Watu walitucheka mwanzo. Sasa hivi wakisikia tangi linatoka wanakuja na watoto.

Na msidhani mambo haya ni ya watu wa mbali. Babu yangu mzaa mama alifanya kibarua Tunguu, Unguja, Wamarekani walipojenga kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, vyombo vyao vya mwanzo vya kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia, sauti yake ilipita Kano kule Nigeria, kisha Zanzibar, kisha meli iliyokaa katikati ya Bahari ya Hindi, kisha Muchea, Australia. Zanzibar ilikuwa inatajwa kwenye redio za anga wakati sie hata taa vijijini hatuna. Kituo kikafungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Na bahari yetu hii hii, Septemba 1968 Warusi walikuja kuopoa humu chombo chao cha Zond 5 kilichokwenda kuzunguka mwezi na kurudi, na abiria waliokuwemo unajua nani? Kobe wawili. Walirudi hai, wamekonda tu kidogo. Kila nikipita kisiwa cha Changuu nikawaona wale kobe wakubwa wamelala kivulini nawaambia ndugu zenu walifika mwezini kabla ya binadamu, nyie mmekaa.

Haya, tuingie kazini.

Ruhusa na siku

Ruhusa kwanza. Nenda kwa sheha, nenda kwa kamati ya wavuvi, na waambie KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kulinda bahari, kwamba siku fulani saa fulani mtakuwa na tangi linaelea mahali fulani, maana mtu akiliona kwa mbali atapiga simu kuna boti imepinduka, na hapa kwetu maneno hayo si ya mchezo, watu hawajasahau Spice Islander ya 2011 wala Skagit ya 2012. Na upande wa magharibi wa Pemba mwingi ni hifadhi, usiende kutupa nanga kwenye matumbawe.

Siku chagua maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, usifanye wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu. Mkondo wa Pemba mnaujua, unakwenda kaskazini hauna simile, na mkondo wetu si kama wa Unguja ambako katikati ya kisiwa na bara ni maji mafupi, huku ukitoka nje kidogo tu chini ni mamia ya mita. Sie tunafanyia ndani, Tondooni, penye mchanga, maji ya kimo cha mtu mpaka ya watu wawili. Asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukiona vilele vyeupe hata vitatu, rudi nyumbani kanywe chai.

Wanamaji nao ndivyo wanavyofanya, kwa vipimo vyao. Chombo cha Orion, cha Wamarekani cha safari za mwezini, kiliporudi tarehe 11 Disemba 2022 kilishukia Pasifiki upande wa Baja California, na sehemu ya kushukia ilichaguliwa kwa kutazama hali ya bahari na upepo, na meli ya kuopoa, USS Portland, ilikuwa ishakaa tayari. Chombo ndicho kinachoifata hali nzuri ya bahari. Vijana wengi hawalijui hilo, wanadhani kinaanguka popote halafu watu wanakimbizana.

Vitu

Tangi la plastiki la lita 500, la zamani lakini lisitoboke. Madumu sita ya lita 20 yenye vizibo vinavyobana. Kamba ya nailoni ya unene wa kidole, mita kama mia, na nyengine nyembamba. Viroba vya mchanga mkavu, jumla kilo 120 hivi. Kipande cha tanga kuukuu au turubai. Boti mbili za faiba zenye mashine na ngalawa moja au mbili. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, nasema kila mtu, hata yule anaejifanya samaki. Mapezi na miwani kwa wanaoingia majini. Kisu cha ncha butu kwa kila mzamiaji, kimefungwa mguuni au kifuani, si mfukoni.

Mchanga unaingia chini ya tangi, viroba vimebanwa visitembee. Kuna kijana mmoja mwaka wa kwanza akasema kwanini tujisumbue na mchanga, tutie maji tu nusu. Tukatia. Ikapiga wimbi moja maji yote yakakimbilia upande mmoja, tangi likalala, likapinduka, na kifuniko kikawa chini kinatutazama. Uzito unaotembea ndani ya chombo ni adui, kila nahodha alopakia mzigo usiofungwa anajua, ndo kwenda mrama kwenyewe huko.

Lakini tulijifunza kitu pale. Vyombo vya Apollo, vile vilivyopeleka Wamarekani mwezini, karibu nusu yao vilipiga maji vikageuka kichwa chini miguu juu, Apollo 11 mwenyewe Julai 1969 aligeuka. Wale jamaa wametoka mwezini, mashujaa wa dunia nzima, wananing'inia kwenye mikanda kama popo. Kulikuwa na mabaluni juu ya chombo yanayojazwa hewa yanakisimamisha polepole, ilichukua dakika kadhaa. Orion nayo ina mabaluni matano ya rangi ya chungwa kwa kazi hiyo hiyo. Wahindi Oktoba 2023 walijaribu chombo chao cha Gaganyaan kisicho na mtu, Ghuba ya Bengal, nacho kikageuka, wazamiaji wa jeshi lao la maji wakakipokea hivo hivo. Kwa hiyo tangi lako likigeuka usione haya. Mana yake una somo la ziada, jinsi ya kulisimamisha: madumu mawili yanafungwa upande mmoja ulozama, watu wawili wanavuta kamba kutoka upande wa pili, na wote mnasubiri wimbi liwasaidie. Usishindane na wimbi, livizie.

Watu

Nane wanatosha. Nahodha wa boti ya kazi, nahodha wa boti ya ulinzi, mtu wa kamba, wazamiaji wanne, na mmoja pwani mwenye simu na boksi la huduma ya kwanza. Amri inatoka kwa mtu mmoja. Kwetu ni mtu wa kamba, na mwaka huu mtu wa kamba ni Bi Mkasi, hili si jina lake, tunamwita hivo kwa kuwa hasiti kukata kamba. Mwanamke mmoja mkulima wa mwani, hajawahi kuzamia na miwani maishani mwake, lakini ana jicho la kamba sijaona mfano.

Boti ya ulinzi watu wanaidharau. Msiidharau. Agosti 2020 chombo cha Dragon cha kampuni ya SpaceX kilishuka na watu wawili karibu na Pensacola, Florida, na kabla hawajakivuta boti za watu binafsi zikaja kukizunguka, watu wanapiga picha, na wakati huo waopoaji wanapima hewa mana kulikuwa na dalili ya mvuke wa mafuta ya sumu. Marekani hiyo. Sasa fikiria Nungwi siku ya Iddi. Boti ya ulinzi kazi yake kuzunguka kwa mbali na kuwaambia watu kwa heshima, shikamooni wazee, tupisheni kidogo.

Kukaribia

Hapa nitakaa, mana hapa ndo penyewe.

Tangi likishatiwa majini liachilie. Msiliguse. Kaeni mbali mita hamsini dakika kumi nzima mnatazama tu: linakwenda wapi, linazunguka vipi, wimbi linalipanda upande gani. Vijana wanachukia dakika kumi hizi kuliko kitu chochote. Orion ile ya 2022 iliachwa ikielea kama saa mbili, mainjinia wanapima joto na mambo yao, na kundi zima la boti limesimama linaitazama. Kilichopita kwenye hewa kwa kasi ya karibu kilomita elfu arubaini kwa saa na ngozi yake ikapata moto wa nyuzi 2,800 hivi, hukirukii kama mchumba.

Halafu upepo. Upande wa joshini, unakotoka upepo, ndo upande wako, demani, unakokwenda upepo, ni pa hatari. Chombo cha angani kina vijirusha vidogo vya kukigeuza kule juu, na mafuta yake mara nyingi ni haidrazini na nduguye anaeunguza bila kiberiti, naitrojeni tetroksidi. Haidrazini inanuka kama amonia, kama samaki alochina, na ubaya wake ukishaisikia harufu basi umeshavuta zaidi ya kiasi. Yule wa pili mvuke wake una rangi ya hudhurungi, na joto la hapa kwetu tu linatosha kumchemsha. Mwaka 1975 chombo cha mwisho cha Apollo, kile kilichokwenda kushikana na cha Warusi, kiliposhuka mvuke huo ukaingia ndani kwa watu watatu, mmoja akazimia, wote wakalazwa hospitali Honolulu. Kwa hiyo wazamiaji wa leo hawagusi chombo kabla hewa haijapimwa kuzunguka chombo, na mpimaji anakuja kutoka joshini. Sie katika zoezi tunaweka kijana mmoja na kijiti kirefu chenye kitambaa, anazunguka na boti anasema safi, safi, safi. Kichekesho, lakini siku akisahau kusema tunarudi mwanzo wote.

Sasa kuna mgongano ambao ulinichukua muda kuuelewa. Kitu kinachoelea juu juu kinapeperushwa na upepo kuliko wewe ulozama mpaka shingoni. Ukikifata kutoka nyuma, yaani joshini, utapiga mapezi mpaka ukome na kinakukimbia tu. Enzi za Apollo yule mzamiaji wa kwanza kazi yake ilikuwa moja, ashike chombo aning'inize mfuko wa kuburura majini ili kipunguze mwendo. Basi sie tunafanya hivi: hewa ishapimwa, boti inampeleka mzamiaji wa kwanza mbele ya tangi kidogo, ubavuni si katikati ya njia, inazima mashine kabisa, anashuka taratibu bila kuruka, tangi linamjia. Akishaufunga mfuko tangi linapungua mwendo, ndo wengine watatu wanateremka joshini na kuogelea polepole. Mfuko wenyewe unashonwa kwa tanga kuukuu, umbo la karatasi ya karanga, mdomo mpana wa nusu mita unashikiliwa na duara la waya, na chini una tundu dogo.

Mkono wa kwanza kugusa uwe umenyooka, kiganja wazi, tangi likiwa linashuka. Likipanda liache. Usitie kamwe mwili wako katikati ya tangi na boti. Usiende chini ya tangi kama hujaonwa na mwenzio. Ishara ni mbili tu: mkono mmoja unagusa kichwa unafanya duara, niko sawa, mkono unapunga, nina shida. Hakuna ishara ya tatu, mkiweka nyingi watu wanasahau zote.

Tungekuwa na parachuti ningelia. Orion inashuka na miavuli mikubwa mitatu, kila mmoja upana wa mita 35, na ikishaingia majini ile nguo na nyuzi zake ni jarife la kukuvua wewe. Zinakusanywa na boti nyengine, mbali na wazamiaji. Mwaka wa pili tukataka uhalisia tukafunga tanga zima juu ya tangi. Nyuzi zilinizunguka miguu yote miwili na Bi Mkasi ndo alipopata jina lake. Tokea siku hiyo tanga hatulitii.

Mkanda wa kuelea

Madumu sita yanafungwa kwenye kamba moja kama tasbihi, vizibo vimebana, nafasi sawa baina yao. Wazamiaji wawili wanashika ncha, mmoja anakwenda kulia mmoja kushoto, wanakutana upande wa pili wanafunga kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Dumu la lita 20 linabeba karibu kilo 20, sita yanabeba kilo 120, yaani hata tangi likiingia maji una uhakika wa mzigo wote wa mchanga. Mkanda wa kweli ni wa mpira, unafungwa haujajazwa halafu unajazwa hewa, na wazamiaji wanaweza kusimama juu yake.

Kwanini mkanda kabla ya kila kitu? Muulize Gus Grissom, mwanaanga wa Mercury. Tarehe 21 Julai 1961 alishuka salama kwenye Atlantiki, anasubiri helikopta, mlango ukafyatuka wenyewe, maji yakaingia. Yeye akatoka akawa anaogelea na suti inajaa maji, amesahau kufunga tundu moja la hewa, huku helikopta inahangaika na chombo kilichokuwa kizito kuliko nguvu zake. Wakakiachia. Kikazama zaidi ya mita 4,500 na hakikutolewa mpaka 1999. Grissom mwenyewe ilibaki kidogo. Hapo ndo mkanda wa kuelea ukawa lazima, na kanuni tunayoimba na vijana ni kwamba mlango haufunguliwi chombo hakijavaa mkanda.

Kamba

Fungeni kamba nne, si moja. Moja mbele ya kuvutia, moja nyuma, na mbili za ubavuni zinazoshikwa na boti au ngalawa kuzuia lisizunguke. Na neno moja ambalo nalisema mpaka wananichoka: usizungushe kamba mkononi. Shika kwa ngumi ili ukitaka kuachia unaachia. Kidole changu cha pete mkono wa kushoto hakikunji sawasawa mpaka leo, na haikuwa tangi wala chombo cha angani, ilikuwa boti ya kawaida na wimbi la kawaida siku ya Ijumaa nina haraka ya msikiti.

Mwaka wa kwanza tulisahau kamba ya nyuma. Tukafungua ya mbele tubadilishe, mkondo ukalichukua tangi letu, mkanda na madumu yake, likaondoka zake kuelekea Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa. Tukalifukuza, mashine ikazima. Wavuvi wakalipata mbele ya mnara, wakalileta jioni wamelikalia juu kama gari la harusi, wakadai pesa ya mafuta. Tukalipa. Haki yao.

Watu walio ndani

Hii sehemu tunafanya kwa kijana alokaa kwenye ngalawa iliyofungwa ubavuni mwa tangi, hatumtii mtu ndani ya tangi, hata kwa dakika moja, hata akiomba. Hewa hamna, na likigeuka huna la kumwambia mamake.

Wazamiaji wa Orion wamefanyishwa mazoezi ya kuweka boti ya mpira mbele ya mlango wa chombo, wanaiita baraza, jina lao kwa kizungu lina maana hiyo hiyo, na nimelipenda kwa sababu ndo inavyofanya kazi: watu wanatoka ndani wanakaa barazani kwanza. Kisha helikopta inawanyanyua mmoja mmoja mpaka melini. Mpango ni wote wawe melini ndani ya saa mbili tokea kushuka. Apollo 11 baraza lilikuwa na mtu wa ziada, luteni Clancy Hatleberg, kazi yake kuwapa jamaa suti za kujifunika mwili mzima na kuwasugua kwa dawa ndugu yake jiki, mana watu waliogopa vijidudu vya mwezini. Wakawekwa karantini, siku 21 zikihesabiwa tokea wako mwezini. Hawakuwa na kitu.

Cha kujifunza hapa ni kumbeba mtu. Alokaa siku nane au kumi bila uzito damu yake imesahau kupanda kichwani, sikio lake la ndani halijui chini ni wapi. Ukimsimamisha ghafla anaanguka. Kwa hiyo hasimami, anateleza kwenye mlango matako kwanza, analazwa au anakaa ameegemea, anaongeleshwa. Sio kumvuta mkono mmoja kama gunia la karafuu. Tunafanya kila kijana zamu mbili, moja anabeba, moja anabebwa, na wakibebwa ndo wanajua nani ana mikono mibaya.

Kuingiza

Hapa tumewashinda Wamarekani kwa bei. Wao wana meli yenye tumbo wazi nyuma: meli inajizamisha kidogo, maji yanaingia ndani kama bwawa, inakwenda mbele polepole, chombo kinavutwa na winchi kinaingia huku boti za pembeni zinashika kamba za ubavuni, kikishakaa juu ya kitanda chake maji yanatolewa, chombo kimekaa kavu. Sie tuna maji kupwa na kujaa. Tunafanya zoezi zima maji yakijaa, tunavuta tangi mpaka kwenye mchanga ulochimbwa kidogo kama kitanda, ngalawa moja kulia moja kushoto zikilibana lisiyumbe, wanaovuta wako ufukweni, Bi Mkasi anapiga amri, vuta, shika, legeza kidogo, shika. Halafu tunakaa kula. Maji yakipwa tangi liko kavu juu ya kitanda chake, hakuna alonyanyua kitu. Ndo hivo hivo tunavyopandisha mashua kupaka deheni tangu enzi za mababu, yule alobuni ile meli angekuja kwetu angeokoa muda.

Kosa la hapa ni moja. Watu wakiona tangi limefika maji ya magoti wanaacha kamba wanalikimbilia kulisukuma kwa nyuma. Wimbi la mwisho linalirudisha juu ya miguu yao. Hakuna mtu nyuma ya tangi, hakuna mtu mbele ya tangi, watu wote ubavuni mpaka maji yapwe.

Ukikiona cha kweli

Wavuvi wananiuliza, na swali si la kipuuzi. Mwishoni mwa Disemba 2024 duara la chuma la upana wa mita mbili na nusu, kilo kama 500, liliangukia kijiji cha Mukuku kule Makueni, Kenya. Lingeweza kuangukia bahari. Chombo chenye watu hakitakuja hapa kwa bahati, hilo ondoa shaka, lakini kipande cha roketi kinaweza kuelea mpaka kwako.

Usikiguse, usikifunge kamba, usikipandishe kwenye dau ukauze chuma chakavu. Kaa joshini na mbali. Matangi ya mviringo yalofungwa nyuzi nyeusi ndo ya kuogopa zaidi, yanaweza kuwa na mabaki ya mafuta au hewa ya presha. Chukua namba za jipiesi, piga picha kwa mbali, angalia kinaelekea wapi, kisha piga KMKM au polisi, ukikosa mtandao mfate sheha. Na kukificha hakusaidii, kwa mkataba wa kimataifa wa 1968 kitu kilichotoka angani kina mwenyewe, nchi iliyokirusha inaweza kukidai, na gharama za kukitafuta na kukirudisha zinawaangukia waliokirusha. Kikiharibu mali yako, mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndo inalipa. Sasa hapo picha zako na namba za jipiesi zinakuwa pesa.

Baada ya zoezi

Hesabu watu kabla ya kuhesabu vitu. Kamba zote zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi zianikwe kivulini, jua linaila nailoni, na ukiona nyuzi zimechomoka kama manyoya ikate hapo hapo usiseme itafaa mwakani. Fungua vizibo vya madumu yapumue. Visu vipakwe mafuta ya nazi. Kaeni duara, kila mtu aseme kitu kimoja alichoogopa, mkubwa aanze, la sivo wadogo watasema hawakuogopa kitu.

Tangi lenyewe toa mchanga wote, suuza mara tatu, mara ya mwisho onja. Kama bado lina chumvi suuza tena, kwa sababu letu ni la kuazima kwa shangazi, na maji ya bomba huku yanakuja Jumanne.